Uzi: Chakula cha usiku kwenye nyumba ya wageni kisiwani – vipimo, ratiba na makosa yanayojirudia

#1 Kandili
Salaam wadau. Uzi huu ni wa jikoni, kwa wenye nyumba ndogo za wageni kwenye visiwa vya mwambao: Chole na Juani kule Mafia, Fundo na Kojani kwa Pemba, Wasini, Pate, popote ambapo hakuna soko la kila siku na kila kilo ya vitunguu lazima ivuke maji. Na kabla mtu hajaanza utani, ndiyo, hata watu wa kisiwa cha Uzi wanakaribishwa kwenye uzi.

Tuchukue mfano mmoja ili tusitawanyike: vyumba 6, wageni 12, chakula cha usiku kimo ndani ya bei ya chumba. Jikoni kuna majiko ya mkaa, gesi ya mafiga mawili na friza moja. Menyu iwe ndefu kiasi gani? Samaki wanunuliwe saa ngapi na kilo ngapi? Tui linakatika kwa nini? Na kwa nini nyumba nyingi zinaahidi saa moja na nusu halafu sinia linatoka saa tatu? Leteni vipimo, sifa tuwaachie watu wa matangazo.

#2 NahodhaMkavu
Mkuu Kandili, anza kwa kuchana hiyo karatasi ya menyu. Nyumba ya vyumba sita yenye vyakula ishirini kwenye karatasi inasema uongo kumi na saba. Kisiwani menyu inaandikwa na maji.

Mwezi mwandamo na mwezi mpevu ndiyo bamvu, yaani maji makubwa. Kwenye mwambao wetu siku za bamvu maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka karibu saa nne, asubuhi na usiku. Kila siku yanachelewa kama dakika 50. Kwa hiyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka: maji mafu, yanajaa karibu saa nne na hayakauki sana saa kumi.

Hii ina maana mbili kwa mpishi. Kwanza, pweza. Siku za bamvu miamba inabaki wazi asubuhi, watu wanashuka na vijiti, pweza wapo. Siku za maji mafu ukiandika pweza ubaoni unajitafutia aibu. Hapo tegemea mishipi, nyavu na madema (mitego ya kusuka). Pili, mizigo. Kama mbele ya nyumba yako ni pwani tambarare, siku ya bamvu chombo hakifiki ufukweni saa nne asubuhi hata nahodha awe nani. Barafu inakaa juani nusu kilomita kutoka jikoni. Mwambie aje mapema alfajiri au asubiri saa nane. Watu wa Uzi wanaijua vizuri hesabu hii, maana kwa miaka mingi njia yao ya kwenye mikoko ilikuwa ikifunikwa maji yakijaa.

Dagaa nao wanavuliwa kwa taa siku za giza. Mbalamwezi ikiwa kali, wasahau.

Wakati wa kusi, upepo wa kutoka kusini, hasa Juni na Julai, vyombo vidogo haviendi bahari ya nje. Panga samaki wa ndani: tasi, changu, pono. Nguru na jodari ni bahati, usiwaahidi.

#3 Mpishi_Mkunazini
Naunga mkono. Utaratibu unaofanya kazi ni huu: wakati wa chai ya asubuhi, mgeni anaulizwa mambo matatu tu. Kuna asichokula? Kuna mzio, hasa wa kamba, kaa, karanga? Atakula hapa usiku au la? Mwisho saa tatu na nusu. Baada ya hapo anayekwenda ufukweni kununua anajua idadi. Chakula ni kimoja kwa wote, na sahani ya pembeni kwa asiyekula samaki: mbaazi za nazi au bilingani. Upawa wa mbaazi usiingie kwenye mchuzi wa kamba. Mwenye mzio wa kweli hahitaji kipande, tone linatosha.

#4 Dema
Kilo sasa. Samaki mzima, na kichwa na miba, hesabu gramu 350 hadi 400 kwa mtu. Wageni 12 ni kilo tano, basi. Afadhali samaki wanne wa kilo moja na robo kuliko mmoja wa kilo tano, kwa sababu mkubwa unamchoma nje ndani mbichi. Ukitaka minofu mitupu, kumbuka unabaki na chini ya nusu ya uzito ulionunua.

Pweza akiwa ndiye kitoweo kikuu, gramu 300 mbichi kwa mtu. Akishachemka anabaki kama nusu. Mchele kilo moja na nusu kwa watu 12 kama kuna vitoweo viwili. Watu wanapika kilo tatu kwa kuogopa aibu, kisha kesho yake wali ule unarudi ukiitwa jina jingine.

Na pweza chini ya nusu kilo usinunue, Tanzania Bara kanuni za uvuvi zinakataza. Kamba koche mwenye mayai chini ya mkia naye arudishwe majini. Ukinunua leo kwa sababu ni rahisi, mvuvi atakuletea tena kesho.

#5 BarafuKwanza
Hapa ndipo wengi wanapoharibu, kwa hiyo vumilieni urefu.

Samaki akitoka majini kwenye joto la nyuzi 28 au 30, saa zinahesabika. Jodari, vibua, nguru na felusi ndio hatari zaidi: wakikaa kwenye joto, bakteria wanatengeneza histamini ndani ya nyama. Histamini haifi kwa kupikwa, haifi kwa kugandishwa, na mara nyingi hainuki. Mgeni anakula, baada ya dakika kumi hadi saa mbili uso unawaka mwekundu, kichwa kinagonga, ngozi inawasha, na wote mnasema "ana mzio wa samaki". Mara nyingi hana. Alilishwa jodari aliyekaa mtumbwini toka asubuhi amefunikwa gunia.

Dawa ni barafu, na nyingi kuliko watu wanavyodhani: kilo ya barafu kwa kilo ya samaki. Mpe mvuvi boksi na barafu yako aondoke nayo, usisubiri kuipokea kazi ufukweni. Samaki atolewe matumbo na mashavu, aoshwe, tumbo lijazwe barafu iliyopondwa, kisha tabaka la barafu, samaki, barafu. Lile tundu la chini la boksi liachwe wazi maji yatoke. Samaki anayeogelea kwenye maji ya barafu iliyoyeyuka, yenye damu, anaharibika huku wewe unaona boksi limejaa na unaridhika.

Mapande makubwa ya barafu yavunjwe ndani ya gunia safi kwa nyundo. Pande zima linagusa samaki sehemu moja tu, kwingine ni hewa ya joto.

Friza: usiiache nusu tupu. Jaza chupa za maji. Umeme ukikatika, friza iliyojaa na isiyofunguliwa inashika baridi kama siku mbili, nusu tupu ni siku moja. Chupa hizo hizo asubuhi zinaingia kwenye boksi la mvuvi. Wa Pemba wamepumua tangu waya wa chini ya bahari kutoka Tanga ulipofika 2010, ila vijisiwa vya pembeni bado vingi ni sola na jenereta, kwa hiyo hesabu hii inawahusu.

#6 mgeni_mwenyeji
@BarafuKwanza asante shekhe, darasa tosha. Swali: changu na tasi nao wana hiyo histamini?

#7 BarafuKwanza
Hawamo kwenye mkumbo huo kwa kiwango cha jodari. Wanaoza kama samaki yeyote, lakini wao wanakuonya kwa pua. Ndiyo maana siku ambayo barafu haikufika, nunua changu hai kwenye dema, mwache jodari apite.

#8 MamaKifumbu
Haya, tui. Nimesoma "nazi nne", "nazi sita" mahali pengi bila kusema za nini. Kwa wageni 12, samaki wa kupaka na wali wa nazi, chukua nazi sita kavu kubwa, zinatosha vyote viwili ukizikamua kwa mpango.

Zikune kwa mbuzi, nyama nyeupe tu. Ukigusa kifuu tui linakuwa la kijivu. Tia vikombe vitatu vya maji ya uvuguvugu, fikicha, kamua kwa kifumbu. Hilo ndilo tui zito, litafika kama lita moja. Toa kikombe kimoja weka kando, linalobaki ni la samaki. Tia tena maji, kamua mara mbili mpaka upate karibu lita tatu za tui jepesi: hilo ni la wali. Wali ukikaribia kukauka unamwagia kile kikombe kizito, unafunika, unapalia makaa juu ya mfuniko na kubakisha machache chini. Dakika ishirini. Usiukoroge tena.

Mchele wa zamani unakunywa zaidi, mpya unakunywa kidogo. Mkibadilisha gunia, pikeni kikombe kimoja kwanza kujaribu. Kipimo cha gunia lililopita si hoja.

Tui kukatika: ni moto mkali bila kukoroga, au ndimu na ukwaju kutiwa mapema. Tui la kupaka linabandikwa kwa moto wa wastani, linakorogwa na kuchotwa kwa upawa na kumiminwa tena bila kupumzika mpaka lichemke. Likishachemka na kuwa zito la kushika mwiko, ndipo ukwaju unaingia. Ukiona limeanza kufanya punje na mafuta kutengana, epua mara moja, tia vijiko viwili vya tui bichi, koroga. Wakati mwingine linarudi. Likikataa, lifanye la mchuzi wa mbatata, wala usimwambie mtu.

Na tafadhali, nazi zikunwe alasiri. Tui lililokamuliwa saa nne asubuhi bila baridi, saa kumi limeshachacha. Chumvi haiokoi, sukari haiokoi.

#9 Dema
Bi mkubwa umenena. Niongezee upande wa makaa kwa samaki wa kupaka.

Chanja mara tatu kila upande mpaka mfupa. Chumvi, thomu (kitunguu saumu), tangawizi, pilipili, ndimu. Nusu saa inatosha. Ndimu ikikaa saa tatu nyama inakuwa kama chaki. Kabla ya kumweka motoni mpanguse akauke kabisa, na kibanio cha waya kipashwe moto kwanza na kupakwa mafuta. Samaki kuganda na kuchanika ngozi, sababu ni hizo mbili tu: samaki ana maji au waya ni wa baridi.

Wa kilo na robo, kama dakika nane kila upande juu ya makaa yaliyoshika jivu. Tui lisimguse mpaka awe ameiva robo tatu. Ukipaka mapema, nazi inaungua, ladha inakuwa chungu, na ndani bado mbichi. Paka, geuza, paka, mara tatu au nne mpaka tui liwe limekaza na kupata madoa ya kahawia. Vifuu vinatoa moto mkali lakini unakwisha upesi. Changanya na mkaa wa kawaida, vifuu uongeze mwishoni.

#10 Mwana_Wasini
Huku kwetu wageni wa mchana wanatoka Shimoni kwa jahazi, wanapita Kisite kuangalia matumbawe, wanashuka Wasini na njaa. Sahani yenyewe ni kaa. Niwape kaa basi.

Kaa wa mikokoni wa gramu 500 hadi 600, mmoja kwa mtu. Usimhukumu kwa ukubwa wa gamba, mpime mkononi: mwepesi ndiye aliyebadili gamba karibuni, ndani ni maji. Ukibonyeza upande wa chini karibu na mguu wa mwisho na ukabonyea, mwache.

Ukimtupa mzima kwenye maji yanayochemka anajiachia miguu na magando, maji yanaingia mwilini, nyama inakuwa rojorojo. Mlaze kwanza kwenye barafu nusu saa mpaka asitikisike, ndipo aingie. Maji yawe na chumvi kama ya bahari, dakika 12 hadi 15 tangu yachemke upya. Baada ya hapo mpe tangawizi na thomu na ndimu. Mezani kila mtu apate kibao na kirungu cha mti cha kuvunjia, na bakuli moja la magamba kwa kila watu wawili. Bila bakuli, magamba yanaishia kwenye wali.

#11 mgeni_mwenyeji
Pweza apigwe au agandishwe? Nimeona watu wanataka kupigana wao.

#12 Mpishi_Mkunazini
Vyote vinafanya kitu kimoja, kuvunja nyuzi za nyama. Kupiga jiweni kunataka mkono na nafasi, na kuna wageni ambao sauti ile inawakosesha chai. Kugandisha kunataka saa 24 na friza ya kuaminika, kisha kuyeyusha usiku kucha kwenye baridi. Ya friza ina faida kwamba pweza wa bamvu unawala mpaka siku za maji mafu.

La muhimu zaidi ni sufuria. Msugue kwa chumvi utoe ute, msuuze, mweke sufuriani bila maji, funika, moto mdogo. Atatoa maji yake mwenyewe mekundu. Wa kilo mbili anataka dakika 50 hadi 60. Chumvi ya kupikia mwishoni, tui dakika kumi za mwisho. Jaribu kwa uma kwenye shina la mnyiri (mkono wa pweza), siyo kwenye ncha. Ncha inaiva mapema na kukudanganya.

#13 NahodhaMkavu
MamaKifumbu atanikasirikia, ila wa kugandishwa ladha yake imepoa.

#14 MamaKifumbu
Sikukasirikii mwanangu, ila wewe huoshi sufuria.

#15 BarafuKwanza
Kabla hatujasahau: kuna mgeni atauliza kuhusu kasa, "kuonja tu". Jibu ni hapana, na si kwa sheria peke yake. Machi 2024 kisiwani Panza, Pemba, watoto wanane na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa. Novemba 2021 Pemba hiyo hiyo walikufa saba. Sumu ile haiondoki kwa kuchemsha. Bunju vilevile, akija na mchanganyiko wa nyavu atolewe pwani, asifike jikoni hata kwa bahati mbaya.

#16 Birika_la_Mvua
Maji. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la bati la mita za mraba 100, mvua ya milimita 20, ni lita 2,000. Toa maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, toa yanayomwagika, shika 1,600. Jikoni kwa wageni 12 tenga lita 150 hadi 200 kwa siku. Paa la makuti zuri kwa picha, kwa maji hapana: yanatoka rangi ya chai na takataka.

Kisima chenye chumvi kioshee sakafu na vyombo mara ya kwanza. Suuza ya mwisho, barafu ya glasi na kuosha kachumbari ni maji ya kunywa. Kosa la kawaida ni kachumbari safi iliyooshwa kwa maji ya kisima, halafu lawama anabebeshwa samaki.

#17 Kandili
Mboga je? Chombo kinakuja mara mbili kwa wiki.

#18 Mpishi_Mkunazini
Kabichi, karoti, vitunguu na maboga vinakaa. Tungule (nyanya) agiza nusu zilizoiva nusu mbichi, na zisifungwe kwenye mfuko wa plastiki. Mchicha upande mwenyewe, siku 25 hadi 30 unachuma. Kisamvu kipo kisiwani, ila kitwangwe vizuri na kichemshwe saa nzima sufuria ikiwa wazi, ile sumu ya muhogo itoke na mvuke. Shelisheli msimu wake ukifika ndiyo mkombozi: za kukaanga asubuhi, za nazi usiku.

#19 Mwana_Wasini
Turudi kwenye saa moja na nusu, maana hilo swali la kwanza limeachwa. Chakula kinachelewa kwa sababu watu wanahesabu kwenda mbele. Hesabu kurudi nyuma.

Saa moja na nusu sinia mezani. Saa moja kasorobo samaki anaingia motoni, makaa yawe yameshawaka nusu saa. Kabla ya hapo kuna magharibi, na wafanyakazi wanasali. Usipange kazi ya mikono miwili kwenye dakika zile. Kwa hiyo wali uwe umepaliwa kabla ya adhana, unajipikia wenyewe wakati watu wako msikitini. Tui la kupaka liwe limeshachemka saa kumi na mbili. Nazi zikunwe saa kumi. Samaki achanjwe saa kumi na mbili kasoro. Kachumbari mwisho kabisa, kwa sababu ikikaa na chumvi inaogelea.

Ramadhani panga upya kila kitu: wapishi wafuturu kwanza, wageni saa mbili. Chakula chao cha mchana kiwe ndani, si barazani mbele ya njia. Waelezwe siku ya kufika, wengi wanaelewa.

#20 ukili
Nyie mmesahau kawa! Kusi ikivuma, sinia linalotoka jikoni hadi barazani mita ishirini linafika limepoa na lina mchanga. Kila sinia lifunikwe kawa, lifunuliwe mbele ya mgeni. Asubuhi kawa hilo hilo linawazuia kunguru, ambao mahamri wanayajua kuliko wageni.

Sinia moja watu wanne, si zaidi. Wa tano anakula ubavuni. Birika na bakuli la kunawia lianze kwa mkubwa wa umri na lizunguke kwa kulia. Asiyeweza kukaa mkekani apewe meza bila kuulizwa mara mbili. Mishumaa haifai, upepo unaizima; kandili zina kioo.

#21 mgeni_mwenyeji
Na mgeni akirudi saa tatu usiku amechelewa mashua, wakati wenzake wameshakula?

#22 MamaKifumbu
Kipande chake kitolewe kabla ya kupakwa tui, kikae kwenye friji. Akifika, dakika sita kwenye makaa yaliyobaki, tui lake kikombe kimoja linapashwa pole pole. Wali wake ubaki sufuriani chini ya makaa machache, usimpakulie mapema. Ila siku ya bamvu saa tatu usiku maji yameshakauka, mashua haimleti mpaka mlangoni, atatembea kwenye matope. Mtangulizie maji ya miguu.